TAHARIRI: Kabla ya Kuomba Ufilisi, Waambie Waliokudhamini



Mwisho wa mwezi uliopita wenzetu sita wa karakana moja walipokea karatasi zao za mshahara wakaona makato wasiyoyajua. Wawili walidhani karani amekosea. Karani hakukosea. Zamani kidogo wote sita walitia sahihi kumdhamini mwenzao apate mkopo wa sako, na mwenzao huyo, pasipo kumwambia mtu, alikwenda Mahakama Kuu akaomba atangazwe muflisi, naye akatangazwa. Wadai wake wameambiwa wasimguse. Wao sita ndio wanaolipa.

Kesho yake kazi haikwenda. Mmoja alimfuata na spana mkononi, wakamshika. Wengine walikuja ofisini kwetu kutaka jina la mtu yule lifutwe katika daftari la chama. Jioni alikuja na mwenyewe, akakaa kwenye benchi nje mpaka watu wakaisha, ndipo akaingia. Alisema neno moja ambalo limetufanya tuandike tahariri hii. Alisema: "Mimi nilidhani korti ikinifungua mimi, imewafungua na wao."

Twaamini hakusema uongo. Hakujua. Na sisi wenyewe wa ofisi, tukisema kweli, hatukujua sawasawa mpaka tulipokwenda kumwuliza wakili. Kwa hiyo kosa si lake peke yake. Watu wanakopa, wanadhaminiana, wanashtakiwa, wanasikia fununu kwamba kuna sheria ya kumwokoa mdaiwa, wanakimbilia huko peke yao usiku kama mtu anayehama nyumba bila kulipa kodi. Tunataka jambo hili lisemwe mchana.

Kwanza, tuseme wazi kwamba kuomba ufilisi si wizi. Ni haki iliyoandikwa. Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyoondoa ile ya zamani, Sura ya 53, ambayo tuliirithi kutoka enzi ya ukoloni. Chini ya ile ya zamani mtu aliweza kubaki muflisi miaka na miaka, kwa kuwa hakufunguliwa mpaka yeye mwenyewe arudi kortini kuomba, na wengi hawakurudi. Sheria ya sasa yasema muflisi hufunguliwa baada ya miaka 3, pasipo kuomba tena, isipokuwa mtu apinge kwa sababu. Lakini angalieni neno hili: miaka hiyo 3 haihesabiwi tangu siku ya hukumu. Inahesabiwa tangu siku muflisi alipoweka kwa wakubwa wanaohusika maelezo kamili ya mali yake na madeni yake. Asiyeyaweka, saa yake haijaanza kwenda. Twasikia wako watu wanaohesabu miezi vidoleni na hali karatasi zao bado ziko chini ya godoro.

Sasa turudi kwa wadhamini, maana hapo ndipo penye moto.

Wafanya kazi wengi hatuna shamba lenye hati wala nyumba ya kuweka rehani. Tulicho nacho ni mshahara na majina yetu. Sako zinajua hivyo, kwa hiyo wakopesha kwa dhamana ya akiba yako na sahihi za wenzako. Mtu huleta fomu wakati wa chakula, mikono ina grisi, watu wanacheka, kila mmoja atia sahihi kwa sababu jana yeye alitiliwa. Hakuna anayesoma. Fomu ile yasema kwamba mwenye deni asipolipa, wewe utalipa. Haisemi "asipolipa kwa ubaya." Yasema asipolipa. Akifa, akiachishwa kazi, akitoroka, akitangazwa muflisi, yote ni mamoja.

Na Sheria ya Ufilisi yenyewe haikusahau jambo hili. Imetaja kwamba kufunguliwa kwa muflisi hakumfungui mshirika wake wala mdhamini wake. Korti yaondoa mzigo kichwani mwa mmoja, lakini mzigo haupotei hewani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu amebakiwa na deni la sako la shilingi 480,000. Akiba yake ni 120,000. Kwa desturi sako hutwaa akiba ile kwanza, likabaki deni la 360,000. Wadhamini sita, kila mtu 60,000. Kwa mwenye mshahara mkubwa hilo ni jambo la kuudhi. Kwa mfanya kazi wa chini ni karo ya mtoto iliyokwisha kwenda.

Je, mdhamini anaweza kufanya nini? Zamani, yaani kabla ya ufilisi, mdhamini aliyelipa alikuwa na haki ya kumfuata mwenye deni na kumdai fedha zake. Mtu akisha kutangazwa muflisi, njia hiyo imefungwa. Huwezi kumshtaki peke yako. Linalobaki ni kupeleka madai yako kwa msimamizi wa mali ya muflisi, uandikwe pamoja na wadai wengine, na mali ikiuzwa ugawiwe fungu lako. Fungu hilo laweza kuwa dogo, laweza kuwa si kitu. Lakini asiyeandikisha madai hana hata hicho kidogo. Wale wenzetu sita hawakuwa wamejulishwa, kwa sababu mwenye deni hakuwaandika katika orodha ya wadai wake. Aliandika sako, akaandika benki, akaandika duka la samani. Watu aliokula nao kila siku hakuwaandika. Wakili ametuambia wangaliweza kuandikwa tangu mwanzo kama watu ambao huenda watadai. Sasa tunawasaidia kupeleka madai, japo kwa kuchelewa.

Tena kila mdhamini ajue kwamba mshahara wake haukatwi hovyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mwenye mshahara wa 36,000 lazima aende nyumbani na 12,000, deni liwe la nani. Tajiri akikata kupita hapo, leteni karatasi ya mshahara ofisini kwetu mara moja, msingoje mwisho wa mwaka. Na kama sako imekata mdhamini kabla ya kugusa akiba ya mwenye deni, au imekata mtu ambaye hakutia sahihi, kuna Baraza la Hukumu la Vyama vya Ushirika ambalo husikiliza magomvi ya namna hiyo. Si lazima kupigana kwa spana.

Wengi wametuuliza, je, ikiwa nimezidiwa kabisa, ni hatua gani inayokuja kwanza? Tutaeleza kadiri tulivyofahamishwa, na mtu asitumie karatasi hii badala ya wakili.

Mdai anayetaka kukufilisi hukuletea kwanza hati ya madai. Unazo siku 21. Katika siku hizo waweza kulipa, waweza kupatana naye, au, kama deni si la kweli, waweza kuomba korti iifute hati ile. Mtu anayeiweka hati mfukoni na kunyamaza, siku ya 22 amempa mdai wake ushahidi kwamba hawezi kulipa. Tumeona hati kama hizi zimefungiwa maandazi. Ndugu zetu, karatasi yenye muhuri haifi kwa kutosomwa.

Neno la jela linawatia watu hofu kuliko yote. Ni kweli kwamba Sheria ya Mwenendo wa Madai bado ina jela ya madeni, muda usiozidi miezi 6. Mwaka 2010, Katiba mpya ilipokuwa changa, Jaji Martha Koome, ambaye baadaye mwaka 2021 alifanywa Jaji Mkuu, alisikiliza shauri la mama mmoja aliyeomba ufilisi huku mdai wake akitaka afungwe. Jaji alisema kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kulipa deni la mkataba ni kinyume cha Mapatano ya Mataifa juu ya Haki za Kiraia na Kisiasa, ambayo Kenya iliyakubali mwaka 1972. Watu wakashangilia, wakasema jela ya madeni imekwisha. Haikuisha. Mwaka 2012 Jaji Majanja, ambaye sasa ni marehemu, alifafanua kwamba kifungo hicho hakikufutwa na Katiba, ila ni lazima mdaiwa aitwe kwanza aeleze sababu, achunguzwe kama anacho cha kulipa, asikilizwe. Maana yake kwetu ni hii: ukiitwa kuonyesha sababu, nenda. Nenda na karatasi ya mshahara, risiti za hospitali, karo, kila kitu. Anayefungwa kwa urahisi ni yule asiyefika, au yule mwenye uwezo anayeficha. Na mkumbuke kwamba mtu akifungwa miezi yake 6 akatoka, deni liko palepale linamngoja langoni.

Sasa, ufilisi si mlango wa pekee, na mara nyingi si mlango wa kwanza. Iko njia ya mapatano ya hiari, ambapo mdaiwa, akisaidiwa na mtu mwenye leseni ya kazi hiyo, huwapelekea wadai wote shauri moja: nitalipa hivi kwa muda huu. Korti yaweza kutoa amri ya kuwazuia wadai wasimsumbue wakati shauri linafikiriwa, na wadai wakilikubali linawafunga wote. Iko njia ya kulipa kidogo kidogo kwa amri ya Mpokezi Rasmi, yule afisa wa Serikali anayesimamia mambo ya ufilisi. Kwa mtu mwenye mshahara unaoingia kila mwezi, njia hizi mbili ndizo zinazomfaa, na ndizo tunazozisikia kidogo kuliko zote. Ni kwa sababu hazina kelele, au ni kwa sababu hakuna anayepata faida kuzitangaza? Hatujui. Twaona tu kwamba wanachama wanafika kwetu wakiwa wamekwisha ambiwa habari za ufilisi na mtu wa kando ya korti anayetaka ada.

Iko na njia ya tatu, ya asiye na mali kabisa. Huyo awe hana kitu cha kuuzwa, hajapata kuwa muflisi, hajapata kuitumia njia hii, madeni yake yote ni kati ya shilingi 100,000 na 400,000, na hana uwezo wa kulipa hata kidogo. Akikubaliwa na Mpokezi Rasmi, hufunguliwa baada ya miezi 12. Mtu aliye kazini hawezi kusema hana kitu, lakini wenzetu waliopunguzwa kazini waiangalie.

Baada ya hayo yote, ikiwa mtu ameona hakuna njia ila ufilisi, basi aombe kwa ukweli. Maombi huenda Mahakama Kuu pamoja na maelezo ya kila deni, kila mdai na kila mali. Tunasema kila, na twalirudia: kila. Ng'ombe walio kwa ndugu, pikipiki inayoendeshwa na shemeji, kiwanja kilicholipiwa nusu, fedha zilizo katika simu. Muflisi huhojiwa akiwa ameapa, na kuficha mali ni kosa la jinai. Korti si lazima ikubali. Majaji wamekwisha kataa maombi ya watu walioonekana wanaweza kulipa, ambao walikimbilia ufilisi ili kumtoroka mdai mmoja aliyewashinda kesi.

Hapa kuna shimo ambalo watu wema hutumbukia. Mtu akiona dalali anakaribia, humpa kaka yake shamba, au humlipa mjomba deni lake lote kwa sababu mjomba ni mjomba, akawaacha wengine. Machoni pa jamaa hayo ni mapenzi. Machoni pa sheria msimamizi aweza kuirudisha karama ile na malipo yale, na kaka akajikuta anadaiwa shamba alilokwisha lima. Ukitaka kumsaidia ndugu yako, usimpe kitu ukiwa umezama.

Vitu vya lazima havichukuliwi. Vyombo vya kazi yako, vitanda, nguo, sufuria, vyombo vya nyumba ambavyo jamaa haiwezi kuishi bila hivyo, hubaki. Michango yako ya kustaafu, maadamu imo katika mfuko, yakingwa na Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997, wadai hawaruhusiwi kuishika ila kwa kadiri kanuni za mfuko zinavyoruhusu. Fedha hizo ukisha zitia mkononi ni fedha kama nyingine. Mali iliyowekwa rehani ni habari mbali: benki yenye hati ya kiwanja chako, au mkopeshaji aliyeandikwa katika kitabu cha gari, ufilisi haumzuii kuuza kile alichowekewa. Lakini nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kwa sahihi ya mmoja tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka na mwenzake wa ndoa atie sahihi. Mama aliyeona dalali mlangoni na hali hakuulizwa, asikubali kuambiwa kwamba mambo yamekwisha. Na fungu lake yeye katika mali ya ndoa si mali ya mumewe muflisi.

Miaka ile 3 si miepesi. Jina huandikwa katika daftari ambalo mtu yeyote aweza kulitazama. Kukopa bila kumwambia mkopeshaji kwamba wewe ni muflisi ni kosa. Kuwa mkurugenzi wa kampuni, huwezi mpaka korti iruhusu. Katiba yamzuia muflisi ambaye hajafunguliwa asichaguliwe Bungeni wala katika baraza la kaunti. Msimamizi aweza kutaka sehemu ya mapato yako, baada ya kutazama unavyolisha jamaa. Na mali inayokujia katika muda huo huenda kwake. Tuliposikia hili tulinyamaza kidogo ofisini. Baba akifariki katika miaka ile akakuachia ekari mbili, ekari zile zaweza kuuzwa kulipa duka la samani. Mtu mwenye mzee mgonjwa nyumbani afikiri mara mbili, tena azungumze na ndugu zake kabla.

Yako na madeni ambayo hayaondoki hata baada ya kufunguliwa. Deni lililopatikana kwa hila halisamehewi, wala matunzo ya watoto yaliyoamriwa na korti. Wale wanaotafuta ufilisi ili wasilishe watoto wao hawana rafiki katika sheria hii, wala katika ofisi hii.

Kazi je? Tumeulizwa sana. Sheria ya Ajira, inapotaja makosa makubwa ya kumfukuza mtu papo hapo katika kifungu cha 44, haikutaja deni wala ufilisi. Tajiri anayemwachisha mtu kwa sababu tu ni muflisi ajue atatukuta.

Na mikopo ya simu, ambayo imewatia wengi wa vijana wetu matatani. Tangu mwaka 2022 Benki Kuu ina kanuni zinazowakataza wakopeshaji hao wasitishe watu wala wasiwapigie jamaa na wakubwa wako wa kazi majina waliyoyatoa katika simu yako. Bado wanafanya. Mtu wa namna hiyo akipiga simu ofisini, asimamizi wetu wa zamu wamwulize leseni yake. Hatutaki kuwahubiria watu juu ya kamari, lakini katika mafaili tuliyoyaona, mikopo hii na kamari zakaa nyumba moja.

Sasa tuwajibu waliotaka yule mwenzetu afukuzwe.

Hasira yao twaielewa. Mmoja wao mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo. Lakini tazameni alivyofika hapo. Alianza na mkopo wa hospitali ya mkewe. Akakopa mwingine kuulipa ule. Miezi minane alikuwa halipi sako sawasawa, na katika miezi hiyo minane hakuna hata mdhamini mmoja aliyepewa habari. Yeye alinyamaza kwa aibu, na sako ilinyamaza kwa sababu haikuona haja. Kama wale sita wangalijua mwezi wa pili, wangalikaa naye. Huenda mkopo ungalinyoshwa, awe analipa kidogo kwa muda mrefu. Huenda angalipelekwa kwenye mapatano ya hiari. Kumfukuza leo hakutamrudishia mtu hata shilingi, na mtu aliyetoka chamani ni rahisi zaidi kwake kuhama bila kuaga. Halmashauri imekataa kumfukuza. Wajumbe wawili hawakukubaliana na wengine, nasi hatuwalaumu.

Tulichokata ni hiki. Tumeandikia sako kutaka kwamba mkopo ukikosa malipo ya mwezi mmoja tu, wadhamini wote wapewe habari kwa maandishi, wala wasingoje kuiona katika karatasi ya mshahara. Tumetaka pia fomu ya udhamini isomwe kwa sauti mbele ya mwenye kutia sahihi, kwa Kiswahili, na apewe nakala. Jibu halijafika. Likifika tutalipiga chapa katika toleo lifuatalo, liwe zuri liwe baya.

Mwanachama yeyote anayefikiri kuomba ufilisi, tunamwomba aje ofisini kabla ya kwenda kortini, aje na wadhamini wake kama anaweza, na kama hawezi kuwatazama usoni, aje peke yake nasi tutawaita. Hatutamcheka. Katibu wa tawi anakaa kila Jumanne na Alhamisi baada ya saa za kazi, na wakili atakuwako Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mleteni hati zote, hata zilizofungiwa maandazi.

Wale wenzetu sita na yule mwenye deni walikaa pamoja katika ofisi yetu wiki iliyopita muda wa saa tatu. Hawakupatana juu ya kila kitu. Amekubali kuwaonyesha orodha yake yote, na kuandika kwa msimamizi kwamba aliwaacha nje kwa kutojua. Wawili walikataa chai. Watakutana tena mwisho wa mwezi, siku ya mshahara.